Tuwasikilize maprodyuza wa Tezo, kisha tuwaambie kweli

Kijana wa Tezo anayejifunza kutengeneza biti za hip hop ana wasikilizaji wengi kuliko tunavyodhani. Ana wenzake wa kijiweni kando ya barabara ya Malindi, ana kundi la WhatsApp la waliomaliza shule pamoja, ana binamu zake Mtwapa na Mombasa. Akimaliza biti usiku wa manane huituma, na kabla hajazima tarakilishi majibu yameshamiminika: "Moto!" "Umeua, maze!" "Hii ni ya kimataifa." Kesho yake anatengeneza nyingine yenye kasoro zile zile. Mwaka unakwisha, kazi zimejaa kwenye mashine, na ya mwisho haijaipita ya kwanza.

Hili linaniuma, kwa sababu vipaji ninavyovisikia katika wadi hii ya Kilifi Kaskazini si vya kupotea hivi hivi. Tukiulizwa kwa nini muziki wa vijana wetu haufiki mbali, sote hukimbilia jibu moja: vifaa. Hawana spika nzuri, hawana maikrofoni, stima inapotea. Ni kweli, na sitawadharau wanaohangaika kulipia tarakilishi ya mtumba kwa vibarua vya mjengo. Ila nimefikia kuamini kwamba kinachowakwamisha zaidi ni kukosa mtu wa kuwaambia kweli kwa maneno wanayoweza kuyafanyia kazi. Sifa wanazo tele. Matusi nayo hayakosi. Kilichoadimika ni maoni yanayosema kasoro iko wapi.

Tukumbuke hip hop ya Afrika Mashariki ilivyokua. Dar es Salaam, msanii alilazimika kwenda kwa P Funk Majani wa Bongo Records au kwa Master J wa MJ Records. Nairobi kulikuwa na Clemo wa Calif Records na ndugu wa Ogopa Deejays. Mombasa ikatupa Ukoo Flani, waliokuja kuungana na wenzao wa Dandora na kuwa Ukoo Flani Mau Mau. Muda wa studio ulikuwa ghali na milango ilikuwa michache. Wengi walifungiwa nje kwa kukosa pesa au kujuana, na sina hamu ya kuzirudia siku hizo. Lakini aliyefanikiwa kuingia alikaa chumba kimoja na mtu mwenye sikio lililokomaa, akaambiwa papo hapo kwamba ubeti wa pili umelegea au ngoma imeufunika mstari. Albamu kama Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ilipikwa katika mazingira ya namna hiyo.

Kisha tarakilishi ikaingia nyumbani. Programu ya FruityLoops, ambayo leo tunaiita FL Studio, ilitoka Ubelgiji mwaka 1997, na kidogo kidogo ikaufikisha utayarishaji wa muziki hadi chumba cha kulala cha kijana wa Tezo. Lango likavunjwa, jambo la heri. Ila msikilizaji wa kwanza aliyekuwa akikaa langoni akaondoka nalo, na hatujaweka mwingine mahali pake. Prodyuza wa leo anajifunza peke yake, anajihukumu peke yake, kisha anawapelekea kazi watu wanaompenda. Wanaotupenda ni wagumu kutuambia kweli.

Wazee waliotuachia methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji walikuwa watu wa minazi, waliijua kazi waliyoisema. Hata hivyo mgema ana bahati moja: mnywaji wake huonja pale pale, na tembo likiwa limechujuka, kesho hamwoni. Prodyuza chipukizi hana mnywaji wa aina hiyo. Wanaomsifu hawakulipa chochote, na wengi wao hawakuisikiliza biti hadi mwisho.

Kinachonishangaza ni kwamba jambo hili linatokea Pwani, mahali ambapo kukosoana kwa ustadi ni sehemu ya malezi. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, malenga wamekuwa wakijibizana hadharani. Ukisoma barazani shairi lenye mizani kumi na sita kila mstari, nane kwa nane, halafu ukaangusha mizani moja, kuna mzee atakayekukatiza hapo hapo na kukuonyesha ni kipande gani. Hakuchukii wala hakukomoi. Anatumia kipimo ambacho wewe na yeye mnakijua. Kadhalika kwenye mwanzele, mpiga ngoma akizembea wachezaji hulegea, na ujumbe humfika bila kusemwa. Kwenye taarabu mtu huinuka akamtuza mwimbaji katikati ya ubeti uliomgusa, na mwimbaji akajua ni ubeti upi.

Shuleni pia tumelelewa hivyo. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya miaka ya 1920, huweka waamuzi wanaoandika karatasini walichosikia: sauti ya tatu ilishuka, matamshi yalififia, mwendo ulikimbia. Mwalimu wa kwaya huichukua karatasi ile na kurudi kufanya mazoezi. Aliyewahi kuimba kwenye tamasha hilo anajua kwamba maoni ya mwamuzi makini humfaa mwimbaji kuliko kombe.

Basi ushairi una vipimo, kwaya ina waamuzi, ngoma ina wachezaji. Biti ya hip hop tumeiachia "iko poa" na "haijaiva". Kijana atafanya nini na "haijaiva"?

Nitoe mfano wa kasoro moja ambayo nimeisikia mara nyingi, kwa sababu inaonyesha ni kwa nini mtu hawezi kujisahihisha akiwa peke yake. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, kuta za matofali, paa la mabati, meza imesukumwa ukutani na spika mbili ndogo juu yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba cha ukubwa huo, sauti nzito ya karibu hezi 57 hugonga ukuta huu na ule, ikarudi na kujirundika. Ukikaa karibu na ukuta besi inanguruma. Ukisogea katikati ya chumba, besi ile ile inakaribia kupotea. Na hezi 57 ndipo hasa inapokaa besi ya hip hop ya leo, ile inayotokana na mashine ya ngoma ya Roland 808 iliyotengenezwa Japani kati ya 1980 na 1983.

Sasa kijana ameketi kwenye meza yake, mgongo wa spika ukutani. Anaisikia besi imezidi, anaipunguza. Anaisikia tena, anaipunguza tena. Asubuhi anaipeleka biti kwa rafiki mwenye spika ya bluetooth kwenye pikipiki, na besi haipo. Anaamua kwamba spika ya rafiki ni mbovu. Kumbe kilichomdanganya ni chumba chake mwenyewe, na hakuna juhudi ya kukaa macho usiku ambayo ingemfunulia hilo.

Hapa ndipo msikilizaji wa kawaida anapokuwa na thamani kubwa. Mwanafunzi anayesema "kwa simu yangu sisikii ngoma ya chini" amempa prodyuza habari ya uhakika, hata kama hajui hezi ni kitu gani. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Dawa inajulikana: prodyuza huiongezea besi ukwaruzo kidogo ili izae sauti za juu yake, za karibu hezi 114 na 171, ambazo spika ndogo huzimudu vizuri zaidi, na sikio la binadamu hujaza lenyewe sauti ya chini iliyokosekana. Msikilizaji ana haki ya kusema anachosikia. Kutafuta sababu na dawa ni kazi ya prodyuza. Tukizitenganisha kazi hizi mbili, mabishano mengi yatakwisha.

Nimewahi kuliona hili likifanyika hapo Tezo, uani, jioni, kwa spika moja iliyotolewa kwenye bodaboda. Kijana alikuwa na biti ya mapigo 90 kwa dakika, na ndani yake ameweka kayamba aliyoirekodi kwa simu. Walioalikwa walikuwa mwenye bodaboda, binti anayeimba kwaya kanisani, rapa mmoja wa mtaa, na mzee aliyecheza kayamba tangu ujana wake. Sharti lilikuwa moja: mwenye biti asieleze wala kujitetea mpaka wote waseme.

Mwenye bodaboda alisema amechoka kungoja ngoma iingie. Utangulizi ulikuwa mrefu mno. Binti wa kwaya alisema besi na kinanda havikubaliani, na akaimba noti zote mbili mfululizo ili isikike. Rapa akasema, "Nimetafuta pa kuweka sauti yangu, kote kumejaa." Kinanda kilikuwa kimeikalia nafasi ya sauti ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee alinyamaza kwanza, akaomba ipigwe tena.

"Mjukuu wangu, kayamba yako haipumui. Kila mtikiso sawa na mwenzake."

"Babu, nimeifuata mashine."

"Basi iambie mashine ikufuate wewe." Akanyoosha mikono akaonyesha jinsi mtikiso wa kwanza unavyobeba uzito na unaofuata unavyoteleza.

Kijana aliyaandika yote. Walipokutana tena, utangulizi ulikuwa umefupishwa, kinanda kimetolewa kwenye ubeti na kubakishwa kwenye kiitikio, besi imewekwa kwenye ufunguo wake, na mitikiso ya kayamba imesogezwa moja moja kwa mkono. Ilikuwa kazi nyingine kabisa. Watu wanne, ambao hakuna kati yao anayejiita mtaalamu wa sauti, walikuwa wamemfundisha jambo ambalo miezi ya sifa haikumfundisha.

Neno la mzee yule linanipeleka kwenye pingamizi ninalolisikia sana. Vijana husema, "Mkitukosoa mtatufanya tuige Nairobi au Marekani, tupoteze ladha yetu." Hofu hiyo ina msingi. Mkosoaji ambaye kipimo chake pekee ni wimbo wa Atlanta atamwambia kijana afute kayamba, na atakuwa amemharibu. Lakini anayekosa wakosoaji hajiepushi na kuiga. Huiga zaidi, kwa sababu mashine yenyewe ina mwelekeo wake. Ukiifungua FL Studio unakutana na mistari ya hatua 16, zilizogawanywa nne nne. Chakacha yetu huenda kwa sita kwa nane. Asiyekuwa na mtu wa kumwambia "hii haichezeki" atazijaza hatua zile 16 jinsi alivyozikuta, na Pwani yote itatoka mlio mmoja na dunia nzima.

Hata huko Marekani, heshima ilikwenda kwa aliyeishinda mashine. James Yancey wa Detroit, tunayemjua kama J Dilla, aliziacha ngoma zake zitangulie au zichelewe kidogo badala ya kuzinyoosha, na maprodyuza wa dunia wamekuwa wakimfuata tangu hapo. Albamu yake ya Donuts ilitoka Februari 2006, siku tatu kabla ya kifo chake. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba Dilla hakujilea peke yake. Mwanamuziki wa mji wake, Amp Fiddler, alimfungulia nyumba, akamwonyesha mashine ya MPC, na katikati ya miaka ya 1990 akamkutanisha na Q-Tip wa kundi la A Tribe Called Quest. Kipaji kilikuwa cha Dilla. Mlango na sikio vilikuwa vya mtu mwingine.

Na sisi tunao watu wa namna hiyo. Mzee Joseph Ngala wa Frere Town aliufanya muziki wa bango kwa kuchanganya midundo ya Wamijikenda, taarabu na vyombo vya kupuliza. Huo ni utayarishaji wa muziki kwa maana yake kamili, uliofanyika kabla ya vijana hawa kuzaliwa. Kuna wapiga kayamba, wapiga zumari na walimu wa kwaya kila kijiji kuanzia Mnarani hadi Matsangoni. Prodyuza wa Tezo anayewapita hawa na kwenda kutafuta maoni kwa watu asiowajua wala hawaijui ngoma yake anajipunja.

Kwa hiyo nawaambia vijana wenyewe. Usiulize "mnaionaje?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "iko sawa". Uliza maswali yanayobana: ni wapi ulitaka kuiruka? Ni chombo gani ulikisikia kwanza? Ni neno gani la rapa halikusikika? Ipige biti yako bega kwa bega na wimbo unaouheshimu, lakini zilinganishe sauti kwanza, kwa sababu sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora. Isikilize kwa simu, kwa spika ya matatu, kwa redio ya mama jikoni. Usiitume siku ile ile uliyoimaliza. Watu watatu wakitaja sekunde ile ile, acha ubishi, pana kitu hapo. Mmoja akisema haipendi hip hop kabisa, mshukuru na uendelee. Hayo ni mapenzi yake, hayahusu ufundi wako.

Kuna jambo dogo la kiufundi linalokwamisha wengi. Toleo la majaribio la FL Studio hukuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Maana yake, kijana akipewa maoni mazuri kesho yake, hana namna ya kurudi kurekebisha. Anaanza upya au anaachana nayo. Asiyeweza kulipia atoe kila chombo kama faili yake ya sauti kabla ya kufunga programu, ili aweze kuzipanga upya, au atumie LMMS ambayo ni ya bure na haina kufuli hilo. Mwenye simu tu anaweza kuanza na BandLab, nayo haina malipo. Maoni yasiyoweza kufanyiwa kazi ni maneno matupu.

Na sisi tunaotoa maoni tuna wajibu. Taja mahali: sekunde ya arobaini, ubeti wa pili, mwanzo wa kiitikio. Sema ulichosikia kabla ya kusema unachokitaka. Taja pia kilichofaulu na kwa nini, kwa sababu kijana asiyejua nguvu yake iko wapi ataifuta kwa bahati mbaya. Kisha rudi usikilize toleo la pili. Asiyerudi hajamaliza kazi aliyoianza. Kejeli hazihesabiki kuwa ukosoaji. Nimewaona vijana waliochekwa mbele ya watu wakafunga mashine na hawakuifungua tena, na anayejivunia kuwachoma wenzake kwa ulimi hajajenga prodyuza hata mmoja.

La mwisho ni mahali. Kwa miaka mingi spika kubwa kuliko zote vijijini Kilifi zilikuwa za disko matanga, zile disko za usiku za msibani. Serikali imezipiga marufuku disko hizo mara kadhaa, na naunga mkono, maana wasichana wetu waliumia huko usiku. Lakini tulipowafungia vijana mlango huo hatukuwafungulia mwingine. Hawana pa kuusikia muziki wao kwa sauti kubwa, mchana, mbele ya wazazi na wazee. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, burudani za umma, maktaba na vyuo vya ufundi vya vijijini. Siombi jengo jipya wala tamasha la mamilioni. Naomba ukumbi mmoja wa umma Tezo, spika mbili za kuaminika, na alasiri moja ya Jumamosi kila mwezi ambapo yeyote mwenye biti anaileta, inapigwa, inasikilizwa kimya, na waliohudhuria wanasema. Chuo Kikuu cha Pwani kiko jirani, mjini Kilifi. Wahadhiri na wanafunzi wake wanaweza kuja kuketi nasi. Walimu wa kwaya waje na karatasi zao za uamuzi. Wazee wa kayamba waalikwe kwa heshima na walipiwe nauli.

Tusingoje kaunti ndipo tuanze. Jumamosi hii, kama kuna kijana nyumbani kwako anayetengeneza biti, zima televisheni, mwambie aipige yote, usiseme neno mpaka iishe. Kisha mwambie sekunde moja iliyokuvutia na moja iliyokuchosha, na umuulize ataileta lini akishairekebisha.